Shujaa wa Makamo Anayepanda Ngazi

Mgongo wangu uliharibika saa nne asubuhi, kwenye tope la mikoko, nikiwa nimeshika mpini wa machela. Aliyelala juu ya machela ni mwanamke mwenye uchungu wa mimba yake ya tatu, na mbele yetu, kama mita mia tatu hivi, boti ilikuwa imekwama kwenye mdomo wa mkono wa mto kwa sababu maji hayakutosha kuingia mpaka kijijini. Tulikuwa wanaume wanne: mume wake, shemeji yake, dereva wa boti na mimi. Yule shemeji aliteleza, akazama mpaka magotini, akauachia mpini wake. Nikaudaka nao juu ya wa kwangu. Nikasikia kitu kiunoni kikilia kama kijiti kikavu kinavyovunjwa, halafu mguu wa kushoto ukafa ganzi.

Sikuanguka. Silisemi hilo kwa sifa, maana kuanguka kungekuwa ni kumwangusha yeye. Tulifika kwenye boti akapakiwa, na baada yake nikapakiwa mimi, kwa kuwa kukaa nilikuwa siwezi. Nililala chali kwenye sakafu ya boti, ubavuni mwa mgonjwa wangu, sote wawili tukitazama juu. Kati ya uchungu mmoja na mwingine aligeuza kichwa akaniuliza, "Dokta, na wewe unaumwa?"

"Kidogo tu," nikamwambia.

Mimi si daktari, ni muuguzi. Lakini kule deltani kila anayekaa zahanati ni dokta, na baada ya miaka kumi na tisa kwenye zahanati moja nilikwisha kuacha kuwasahihisha watu. Nilipelekwa pale nikiwa na miaka thelathini na tatu, naruka kutoka kwenye mtumbwi kabla haujagusa ardhi. Siku ya lile tope nilikuwa na hamsini na mbili.

Yule mama alipasuliwa, akapona. Mtoto alitolewa akiwa amekwisha kufa. Habari hiyo niliipata nikiwa nimelala kitandani katika hospitali hiyo hiyo, na aliyenipa hakujua kama nilikuwa nangoja kuisikia. Nilimshukuru. Kuna jambo la asubuhi ile ambalo sikumwambia yeye wala mtu mwingine, na nitalifikia.

Wakanipiga picha, wakasema diski ya uti wa mgongo imetoka mahali pake. Nikapewa mkanda wa kufunga kiunoni, nikaambiwa nilale, kisha nifanye mazoezi, na kwa miezi mitatu nisinyanyue hata ndoo ya maji. Nikarudishwa nyumbani Kibiti.

Nasema nyumbani, lakini ile nyumba ni ya mke wangu. Yeye ndiye aliyesimamia matofali yake, yeye ndiye aliyewaleta mafundi wa bati, mimi nikiwa deltani. Kila mwezi nilikuwa nakuja siku tatu au nne, nalala, nakula, naulizwa maswali yaliyokuwa yamesubiri mwezi mzima, naondoka. Sasa nililazwa kwenye mkeka chumba cha mbele, mto chini ya magoti, na nikagundua sijui hata dirisha lipi linapata jua la asubuhi. Mke wangu ana shamba la urithi upande wa Mbwara, la mikorosho na ufuta, na ulikuwa msimu, kwa hiyo alikuwa anakwenda huko siku nne tano anarudi. Aliyeachwa kunitazama ni binti yetu wa mwisho, mwenye miaka kumi na minane, aliyekuwa anasubiri kuanza chuo na huku anasuka nywele za watu barazani.

Binti huyu na mimi tulikuwa tunaheshimiana sana, kama watu wasiojuana. Ananiletea chai, ananiamkia, anauliza kama nataka kugeuka, anatoka. Namsikia barazani akicheka na wateja wake kicheko ambacho humu ndani hakukileta.

Siku ya tisa au ya kumi akaja akakaa kwenye ncha ya mkeka, simu mkononi.

"Baba, nataka nikuoneshe kitu, lakini usiniambie ni cha watoto kabla hujakiona."

"Ni nini?"

"Anime."

"Si ndiyo katuni?"

"Haya, katuni. Lakini mtazame kiunoni."

Nikavaa miwani. Kwenye simu alikuwepo mwanamume wa makamo, mvi zimeanzia masikioni, kitambi kiko nje, amesimama mbele ya kabati la nguo anabana pumzi ili afunge mkanda mweusi wa mgongo, wenye vyuma viwili kwa nyuma na sehemu ya kunata kwa mbele. Ni mkanda kama huu niliokuwa nimefungwa mimi. Alipokwisha kuufunga akavaa juu yake nguo za kishujaa, za buluu, zenye kofia. Zipu ikagoma tumboni.

"Huyu ndiye shujaa?"

"Ndiye."

"Mbona mtu mzima?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Hadithi yenyewe ni hii. Yule bwana ni fundi wa lifti katika mji wa majumba marefu huko Japani. Mke wake alifariki, ana binti mmoja. Siku moja, akiwa na miaka hamsini na tatu, waya wa lifti unakatika na ndani mna watu, naye bila kufikiri anaudaka kwa mikono. Lifti inasimama. Hapo ndipo anapojua ana nguvu: chochote atakachokishika hakianguki, maadamu yeye mwenyewe amesimama kwa miguu yake. Akikaa au akipiga goti, basi. Hana nguvu nyingine yoyote. Haruki, hana mbio, hatoi moto mkononi. Na kwa kuwa jengo likipata balaa umeme hukatika, inambidi apande ngazi. Kwa hiyo nusu ya kila kipande ni mtu mwenye kitambi anapanda ngazi, anashika ukuta, anapumua.

Sauti zote zilikuwa zimetafsiriwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam peke yake. Sauti ya mzee, ya binti, ya watoto, ya jengo linalolia. Alikuwa anaongeza na ya kwake. Shujaa alipofika ghorofa ya sita akashika magoti, yule kijana akasema kwa sauti nzito, "Wazee wenzangu, hizi ngazi nani kazijenga?" Nikacheka. Kule kucheka kuliniuma mpaka mguuni, nikashika mkeka, nikamwambia binti asimamishe. Akasimamisha. Halafu nikamwambia aendeleze.

Wanangu wa kiume walipokuwa wadogo niliwahi kuona katuni zao, nikija zile siku zangu tatu. Mashujaa wao walikuwa vijana wa nywele za kusimama, na kila pambano liliwazidishia nguvu. Huyu kila pambano lilikuwa linampunguza. Alikuwa anaokoa watu, wanashangilia, na kipande kinachofuata anaonekana kitandani akijaribu kugeuka upande wa kulia bila kuamsha maumivu ya upande wa kushoto. Mchoraji alikuwa anajua. Alichora mkono unavyotafuta ukingo wa kitanda. Sikuwahi kumwona mtu akinichora hivyo.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba zile nguvu zilimkuta amekwisha kuchoka. Hakuzipata akiwa na miaka kumi na sita, kifua kiko wazi, dunia yote inamsubiri. Alizipata akiwa na deni la usingizi la miaka thelathini, na hakuna aliyemuuliza kama anazitaka.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Baada ya swala ya adhuhuri, mteja wa asubuhi ameondoka na wa alasiri hajafika, binti anakuja, anaegemeza simu kwenye mtungi, tunatazama vipande viwili. Mara akazidi mmoja. Jirani yetu, dereva wa malori mstaafu ambaye magoti yake yamekwisha, alikuja kunijulia hali, akaona simu, akasema atakaa dakika tano tu. Kesho yake akaja na kiti chake.

Jirani alikuwa anaongea na shujaa kama vile anamsikia. "Shika ukuta, bwana. Usione haya, shika ukuta." Na kila siku alikuwa na swali lile lile.

"Huyu kwa nini hastaafu?"

"Akistaafu nani atashika?" binti anamjibu.

"Awafundishe vijana."

"Wamejaribu, babu. Haifundishiki."

"Basi na wajenge nyumba fupi."

Mke wangu aliporudi kutoka shamba alitukuta hivyo, watu watatu tumeinamia simu moja. Alikaa nyuma yetu, miguu ameinyoosha, ana vumbi la ufuta mpaka kwenye nyusi. Akauliza, "Mzee wenu huyu hana mke?"

"Alifariki, mama."

"Ndiyo maana anapata nafasi ya kuokoa watu."

Jirani alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Kipande cha siku ile shujaa alikuwa mezani na binti yake. Ni siku ya kuzaliwa ya binti, amepika mwenyewe, amepanga sahani mbili. Simu ya baba inalia. Jengo limeshika moto upande wa pili wa mji. Shujaa anaitazama sahani, anamtazama binti, binti anamwambia nenda. Anavaa mkanda, anatoka. Jirani akapiga makofi. Mimi niliona mke wangu anainuka, anakung'uta kanga, anatoka uani.

Baadaye, alipokuja kunipaka dawa ya mgongo, nikamuuliza kama katuni yetu imemchosha.

"Haijanichosha," akasema. "Ila nyinyi mnamtazama yeye anavyoondoka. Mimi namtazama yule mtoto na sahani yake." Akaendelea kunipaka, mkono wake mgumu kwa jembe. Kisha akasema, "Siku aliyozaliwa huyu binti ulikuwa unamzalisha mtu kule. Sikukulaumu. Mpaka leo sikulaumu. Nakwambia tu ninachokitazama."

Nilimwambia ahsante kwa ile dawa.

Tulikuwa tumefika katikati ya hadithi ndipo kikaja kile kipande. Siku hiyo jirani alikuwa amekwenda Utete kwenye msiba, mke wangu yuko Mbwara, tulikuwa mimi na binti tu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na hakuna mteja aliyekuja.

Shujaa anaitwa kwenye jengo la ghorofa kumi na nne. Lifti imekwama juu, waya unaisha uzi mmoja mmoja. Wiki nzima amekuwa akipanda ngazi za watu. Anapofika ghorofa ya tisa anafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya: anakaa. Anakaa kwenye ngazi, anaegemeza kichwa ukutani, anajiambia ni dakika moja. Halafu tunasikia sauti, na kivuli cha lifti kinapita kwenye kioo cha mlango, kinashuka.

Hakuna aliyemlaumu. Zimamoto wanamwambia hakuna ambaye angewahi. Mwandishi wa habari anampa pole. Anarudi kwake. Wajapani ni kama sisi, viatu havipiti mlango. Anakaa kizingitini avivue, na hawezi kuinama kufikia kamba. Anabaki amekaa, viatu miguuni, mikono kwenye mapaja. Yule kijana wa Dar, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kuacha nafasi tupu, hapo alinyamaza. Dakika nzima hakusema neno, na kwenye simu hakikusikika kitu ila feni ya nyumba ya yule mzee.

Nilikuta uso wangu umelowa. Binti akasimamisha picha.

"Baba, ni mgongo?"

"Siku ile nilisubiri," nikasema.

"Siku gani?"

Nikamweleza. Yule mama aliletwa zahanati alfajiri. Jua lilipochomoza nilikwisha kujua mtoto amekaa vibaya na hapa hatazaliwa. Nikapiga simu, boti ikaja, ikafika mdomoni saa mbili kasoro ikashindwa kuingia. Maji yalikuwa yamekupwa, ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Dereva akanipigia: tumbebe kwenye tope, au tusubiri maji? Nilikuwa na siku mbili sijalala, watoto wenye homa walikuwa wamejaa mpaka nje. Nikatazama lile tope. Nikasema tusubiri, kwa saa mbili maji yatakuwa yametosha. Nikasimama mlangoni kuyangoja.

Ila mwezi ulikuwa na siku nane. Mtu yeyote wa deltani anajua kwamba siku hizo ni za maji mafu, bahari haina nguvu, maji yanapanda kivivu na mkono ule haujai. Nimekaa kule miaka kumi na tisa. Nimewahi kupanga siku za chanjo kwa kufuata mwezi. Siku ile sikuukumbuka mwezi, au niseme ukweli wote: sikutaka kuukumbuka. Nilikuwa nimechoka, na kusubiri kulifanana na kupumzika. Karibu saa mbili zikapita, maji hayajafika popote, mama anazidi kulegea, ndipo nikasema tumbebe.

Binti alinisikiliza bila kunikatiza. Nje matone yalikuwa bado yanadondoka kwenye bati la jirani.

"Mngetoka mapema, mtoto angepona?"

"Sijui."

"Kweli hujui?"

"Kweli sijui. Inawezekana alikwisha kufa hata kabla boti haijafika. Mapigo niliyasikia alfajiri, baadaye nikawa siyasikii vizuri, nikajiambia ni masikio."

Hakunipa pole, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akauliza, "Umemwambia yule mama?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

Nikamwambia mtu hawezi kumpelekea mfiwa mzigo mwingine. Akanijibu taratibu, bila kuniangalia, "Au mzigo ni wake na wewe umeuficha kwako."

Ilipita kama miezi miwili. Nilikuwa nimeanza kutembea mpaka msikitini na kurudi, mkanda kiunoni, jirani pembeni yangu, wote wawili tunashika kuta za watu. Siku moja mchana, tukiwa barazani, wakaja wageni: yule mama na mume wake. Walikuwa wamekuja hospitali, yeye kuangaliwa kidonda, wakauliza nyumba ya dokta wakaelekezwa. Walileta mchele mpya, kilo tatu hivi kwenye mfuko, na kamba wakavu waliofungwa kwenye gazeti. Yule mama alikuwa amekonda, amejitanda mtandio mweusi. Akaniamkia, akauliza mgongo.

"Unaendelea vizuri," nikamwambia. "Na wewe?"

"Mimi mzima, dokta. Tumekuja kukushukuru. Wangekuwa wengine wangenitupa kwenye tope."

Binti alileta chai na vitumbua, akakaa upande wa mlango. Sikumtazama, lakini nilijua yupo. Nikawaambia wale wageni wasinishukuru bado. Nikaeleza kama nilivyomweleza yeye, boti, maji, siku mbili za kukosa usingizi, mwezi. Sikupunguza wala sikulia. Nilisema, "Niliwaambia tusubiri, na sikupaswa kusema hivyo."

Yule mama aliinamisha macho kwenye kikombe. Akasema, "Nilikuona umesimama mlangoni unayatazama maji. Na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo tusubiri. Nilikuwa naliogopa lile tope, naogopa kubebwa mbele ya watu vile nilivyo. Ungesema twende, ningekukatalia."

Nilitaka kushika maneno yale nikayaweka mahali. Lakini mume wake alikuwa ameweka kikombe chini, chai haijafika nusu.

"Mimi nilijua," akasema. Ni mtu mfupi, mkulima wa mpunga, siku zote mpole. Kule kijijini hakuwahi kuninyanyulia sauti na siku ile pia hakuinyanyua. "Nilijua ni maji mafu. Nilitoka kuvua siku mbili kabla, nilijua mkono hautajaa. Nikanyamaza kwa sababu dokta kasema. Miezi yote hii nimekuwa najiuliza kwa nini nilinyamaza. Ungeniambia siku ile ile kwamba hukuwa na hakika, nisingelala na hilo peke yangu."

Nikamwambia nisamehe. Akasema Mungu ndiye wa kusamehe. Akainuka, akavaa kandambili zake, akatoka akasimama barabarani kwenye jua, ametugeuzia mgongo. Mke wake alimaliza chai yake polepole, kama anayempa muda. Alipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Yule bwana alirudi mpaka kwenye ngazi ya baraza, akanipa mkono naye, akitazama pembeni. Wakaenda. Hawajarudi tena kwangu, na sidhani kama watarudi. Yule mama huwa ananisalimia kwa simu sikukuu za Idi. Mume wake sijasikia sauti yake tangu siku hiyo.

Mke wangu aliporudi nilimweleza yote, ya tope na ya wageni. Alisikiliza huku anapepeta ufuta. Alichouliza ni kimoja tu. "Utarudi kule?"

"Nimechoka," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele yake. Nilikuwa naona ni neno la mtu mvivu, au la mtu aliyewakimbia wagonjwa. Kila likizo, kila nilipoulizwa, nilisema sijambo, tunaendelea. Nadhani ile katuni ndiyo iliyonirahisishia. Miezi mitatu nilikuwa nimemtazama mtu akisema nimechoka kila ghorofa, kwa sauti, na hakuna aliyemvua ushujaa kwa hilo. Alilisema, akashika ukuta, akaendelea. Na siku moja alilisema, akakaa, na watu wakafa. Yote mawili ni ya mtu yule yule. Mashujaa wa nywele za kusimama hawakuwa na cha kunifundisha juu ya hilo.

Niliandika barua ya kuomba uhamisho. Haikuwa rahisi, nilizungushwa, nikaambiwa subiri, nikasubiri. Mwishowe nikapangiwa kliniki ya wajawazito hapa hapa mjini. Nakaa kwenye kiti chenye mgongo mgumu, napima presha, naandika kadi. Akija mwanamke wa deltani ambaye tarehe zake zimekaribia namwambia asirudi, akae Kibiti kwa ndugu mpaka ajifungue; wengine wanakubali, wengine wananitazama kama mtu asiyejua kwamba nyumbani kuna watoto na mpunga unaoliwa na ndege. Najua. Namwambia tena.

Binti alikwenda chuo. Kabla hajaondoka alinifundisha kupata vile vipande kwenye simu yangu, na anapopiga huniuliza nimefika cha ngapi, ili asinimalizie utamu. Jirani bado anakuja na kiti chake. Hadithi imesimama, wanasema wachoraji bado wanatengeneza inayofuata, na hatujui kama yule mzee atastaafu. Jirani anaona atastaafu. Mke wangu, ambaye sasa naye hukaa mpaka mwisho, anasema afadhali aoe kwanza.

Mahali pangu deltani alipelekwa muuguzi msichana, miaka ishirini na saba. Namba yangu aliikuta imeandikwa ukutani zahanati, akaanza kunipigia, mwanzo kuuliza wapi pametunzwa nini, kisha kuuliza mambo mengine. Nimemwambia habari ya maji mafu. Nimemwambia na kilichonitokea, chote, kwa sababu mimi sikuwa na wa kuniambia.

Wiki iliyopita alinipigia saa kumi jioni, nimetoka tu kazini. Sauti yake ilikuwa chini. Alisema tangu juzi hajafunga mlango, amezalisha wawili, amempeleka mmoja kwenye boti, na huyo mmoja amefika salama. Nyuma yake nikasikia kuku wa pale wakilia.

"Kaka," akasema, "mimi sijui kama naiweza hii kazi."

Nilifikiria cha kumwambia. Vyote vilivyonijia nilikwisha kuambiwa mimi huko nyuma na watu waliokuwa wamekaa ofisini.

"Leo umekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Kuna nini hapo?"

"Kuna wali wa jana. Na samaki kaletwa na bibi mmoja."

"Funga mlango, ule. Mimi sikati simu."

Akaweka simu mezani. Nikasikia komeo, nikasikia maji ya kunawa, kisha sufuria ikifunuliwa. Nilikaa kwenye ukingo wa baraza letu, simu sikioni, mpaka alipomaliza.